Silikoni, tefloni ama chuma? Urembo wa kuzikwa chini ya ngozi, na kila kimoja kinavotoka

Binamu yangu wa Lamu kanitumia picha saa tano usiku, mkono wa mgeni mmoja alomvusha na boti kutoka Shela, kwenye mgongo wa kiganja kuna nyota ya pembe tano imeinuka kwa ndani, ngozi ya juu haina wino wala kidonda. "Dada, hii nayo yafanywaje, na ile isiyodhuru ni gani?" Mimi napaka hina na kutoboa masikio hapa Malindi, huu mwaka wa kumi na moja, kwa hivo chochote cha ngozi naulizwa mimi, hata majipu. Nikamwambia ngoja nikuandikie, manake hili si la voisi ya dakika mbili, na kwa kuwa si yeye peke yake anaeniuliza basi naandika mara moja kila mtu asome.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Si tatuu na si kutoboa. Ngozi inapasuliwa kidogo pembeni, inaachanishwa na nyama ya chini kwa kifaa bapa mpaka panakuwa kama mfuko, kile kipande kinasukumwa ndani halafu unashonwa. Aloifanya hii kazi ijulikane ni Steve Haworth wa Phoenix, Arizona, tangu miaka ya 1990, shanga za mkononi, pembe za kipajini na vingine vinavotokeza nje kabisa. Kwa hivo ni upasuaji, hata kama umefanywa kwenye chumba chenye mabango ya mafuvu na muziki juu.

Watu wengi wakilinganisha wanaangalia umbo na bei. Mimi nna swali moja tu kwa kila kipande: siku ikibidi kitoke, kitatoka vipi? Kuingia ni nusu saa, kila kitu kinaingia. Kutoka ndo hapo vinapoachana.

Silikoni na tefloni

Hizi mbili ndo utakazoulizwa uchague kama wataka nyota, moyo, mwezi ama mstari wa shanga. Silikoni ni laini, ukiibonyeza inakubali kidogo na mkono ukikunjwa nayo inafuata. Mwili hauishiki, unaizungushia utando wake, kama kifuko cha nyama nyembamba, na silikoni inakaa mle ndani peke yake. Uzuri wa hiyo ni kwamba ukiamua kuitoa daktari anapasua kifuko na inateleza ikatoka kama kokwa ya embe bivu. Ubaya ni kwamba kwa kuwa haijashikwa inaweza kuhama, leo nyota iko katikati, mwakani imeelekea kidole cha mwisho, na kile kifuko saa zingine kinakaza kikawa kigumu na kinauma, jambo ambalo hata wanawake walowekewa matiti ya silikoni wanalijua.

Tefloni, naam, ile ya kikaango, iligunduliwa 1938 na Roy Plunkett na mpaka leo hakuna kinachoipenda wala kinachoichukia, ndo maana madaktari wakaipeleka mwilini. Lakini hapa sikiliza vizuri kwa sababu kuna tefloni mbili na muuzaji atakuambia zote ni moja. Kuna ile ngumu, nzima, inachongwa kwa mashine, nyama haiingii ndani yake. Na kuna ile ilovutwa ikawa na vitundu vidogo sana visivoonekana, uvumbuzi wa Bob Gore 1969, inayotumika kutengeneza mishipa ya damu ya bandia. Hii ya vitundu nyama inaota ikapenya ndani, inashikamana kabisa, haihami hata sentimita. Sawa, kwa mshipa wa damu ndo unachotaka. Kwa urembo ambao ukifika miaka 35 huenda ukauchoka, kuutoa ni kuuchimbua, na kovu la kuchimbua ni kubwa kushinda la kuingiza.

Na usidanganywe kwamba kwa kuwa ni tefloni basi haiwezi kuleta balaa. Miaka ya 1980 kule Marekani watu wengi waliwekewa vipande vya kiungo cha taya vilotengenezwa kwa aina ya tefloni ya vitundu, taya zikatafuna vikasagika, vile vichembe vikaamsha mwili ukaanza kula mfupa wake wenyewe, mpaka 1990 serikali yao ikatoa tahadhari na vikaanza kuondolewa. Mgongo wa mkono hautafuni, lakini somo lile lahusu kusuguana: kipande kinachokaa mahali panapogongwa na kusagika kila siku si sawa na kilotulia. Mvuvi anaevuta kamba, mpiga kasia, mtu wa kubeba magunia jeti ya Mokowe, mkono wake si mkono wa mtu wa ofisini.

Kwa mimi hapo silikoni inashinda, kwa sababu ya mlango wa kutokea. Lakini silikoni gani? Hapa ndo watu wanapigwa. Kuna silikoni ya kuziba sinki, kuna ya kutengeneza keki, kuna ya hospitali ya kugusa ngozi kwa muda, na kuna ilopimwa ya kukaa ndani ya mwili miaka. Kwa macho zote zafanana. Mnakumbuka ile kampuni ya Ufaransa, Poly Implant Prothèse? Ilikuwa kampuni yenye karatasi zote, na bado ilijaza matiti ya bandia kwa silikoni ya kiwandani kwa sababu ni rahisi, ikafungwa 2010 baada ya kuuza kwa wanawake kama laki tatu hivi katika nchi nyingi, mwenyewe Jean-Claude Mas akahukumiwa miaka minne 2013. Sasa kama kampuni kubwa ilifanya hivo, jiulize kijana alonunua shiti ya silikoni mtandaoni akaikata nyota kwa mkasi. Kukata kwenyewe ni hatari, kingo zilokatwa hubaki kali, na ngozi ilolazwa juu ya ukingo mkali inakonda, inang'aa, mwisho inatoboka. Kipande kizuri kimemiminwa kwenye kalibu na kingo zake zimeteremka taratibu kama ufuko wa mchanga.

Silikoni ya maji ya kupigwa sindano hata sitaiweka kwenye ulinganisho. Haina kifuko, haina kingo, inatembea, ikiingia mshipani inaweza kufika mapafuni, na ukitaka kuitoa huwezi kuitoa yote. Mtu akikuambia "ni sindano tu hakuna kupasua" chukua viatu vyako.

Titani na stili

Chuma kinatumika zaidi kwa vile vinavotokeza nje, kile kijiwe kinachong'aa kifuani ama shingoni, chini yake kuna kibapa chenye matundu kilozikwa na nyama hupita kwenye matundu ikakishika. Hapa ntasema yangu manake sina haja ya kuficha.

Mwaka nilotimiza 22 niliwekewa kimoja hapa chini ya mfupa wa bega, si Malindi, mji mwingine wa pwani, na jamaa mmoja alokuwa na maneno matamu na glavu za rangi nyeusi. Nikamuuliza ni chuma gani, akasema stili ya hospitali. Nikaona neno hospitali nikatulia. Miezi miwili inawasha, nadhani ni jasho. Mwezi wa tatu pembeni pekundu, maji maji yanatoka, wa nne kile kijiwe kimeanza kuinuka chenyewe kama jino la mtoto. Mwili ulikuwa unakitoa. Daktari alipokitoa aliniuliza swali moja, kilikuwa cha nini? Nikasema stili. Akasema stili ziko nyingi, ipi? Sikuwa na jibu. Akaniuliza kama heleni za bei rahisi zanifanya masikio yawashe, nikamwambia toka nikiwa mtoto, mamangu alikuwa ananivalisha dhahabu tu kwa sababu hiyo. Akanitazama tu.

Nikeli hiyo, madini yanayochanganywa kwenye vyuma vingi na huwasha ngozi za watu wengine. Stili nzuri ya upasuaji, ile ya kiwango cha Kimarekani cha ASTM F138, ina nikeli kama asilimia 13 hadi 15 ndani yake, inashikiliwa vizuri isitoke lakini imo. Kuna watu wanakaa nayo miaka hawana neno. Ulaya wameweka sheria kitu cha kutoboa kisitoe nikeli zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita mraba kwa wiki, na huwezi kuipima hiyo kwa kulamba ama kwa kuweka sumaku, ukiona sumaku haishiki haimaanishi nikeli haimo, stili hizi nyingi hazishikwi na sumaku. Titani ya kiwango cha ASTM F136, ama karatasi yaweza kusema ISO 5832-3, imechanganywa na alumini na vanadi, nikeli hawakutia. Uzito wake ni kama nusu na kidogo ya stili, na juu yake hujifunika ngozi yake nyembamba ya oksidi, ikikwaruzwa yajifunika tena. Brånemark, daktari mmoja Msweden, alikuwa ameifunga kwenye mfupa wa sungura mwaka 1952 kwa utafiti mwingine kabisa, alipotaka kuitoa ikagoma, imeshikana na mfupa. Meno ya bandia ya kuchomekwa yakatokea hapo, mgonjwa wa kwanza 1965.

Kwa hivo kati ya hizi mbili sioni sababu ya kuchagua stili, kama bei ya titani imekushinda basi subiri. Ila titani nayo haigeuzi jambo moja: kitu kinachotokeza nje kimeacha mlango wazi. Ngozi haifungani na chuma kama inavofungana na yenyewe, siku zote pembeni pana upenyo, na upenyo huo waoga baharini na wewe. Bahari yetu ya joto ina bakteria wanaopenda kidonda, na kuna aina ambayo ikimkuta mtu mwenye ini bovu ama sukari humtoa roho kwa siku chache. Vinavotokeza nje vingi hatimae hutoka tu, vyenyewe ama kwa kunaswa na buibui, taulo, kamba ya begi. Vilozikwa kabisa vina nafuu hapo.

Kwa sonara

Hili naulizwa Lamu peke yake. "Kwani sonara wa Langoni hawezi kunikatia mwezi wa fedha nikauweka?" Anaweza, na atautengeneza mzuri kushinda wa Mmarekani, wale wanaotia vigae vya sahani za zamani kwenye pete hawashindwi na mwezi. Lakini pete ni pete. Fedha ikikaa ndani ya nyama inaachia chembe na ngozi ya juu yageuka rangi ya majivu kwa bluu, na hiyo haioshwi, hata mwezi ukitolewa rangi yabaki. Dhahabu nayo, ya karati 21 ina dhahabu asilimia 87.5, hiyo nyingine ni shaba na fedha na chochote alichokuwa nacho sonara siku hiyo. Karati 18 robo nzima si dhahabu. Viache masikioni.

Akriliki, ile plastiki ya vipuli vya rangi, sitakaa nayo sana: haiwezi kuchemshwa kwenye mashine ya kuua vijidudu bila kupinda, imeisha hapo.

Sumaku na chipu

Vijana wa kompyuta ndo wanaotaka hivi. Sumaku kwenye ncha ya kidole, ati unahisi umeme unavopita, na kweli wanaoziweka wanasema wanahisi mtetemo karibu na mota. Lakini sumaku zile kali ni za neodimi, kitu kinachooza haraka kikiguswa na maji ya mwili, kwa hivo hufunikwa kwa titani nitridi ama plastiki maalum ama dhahabu, na uhai wako wote uko kwenye ule utando mwembamba kuliko unywele, kwenye kidole unachogongea meza. Ukipasuka, kidole kinageuka cheusi na inatolewa vipande vipande. Tena ona hili: sumaku za kawaida za aina hii zinaanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 hivi, na mashine ya kuua vijidudu inafanya kazi kwa 121, kwa hivo mtu akikuambia ameipitisha kwenye mashine basi ama anadanganya ama anakuwekea chuma kilokufa. Na MRI, ile mashine ya hospitali ya kupiga picha ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, isahau, mpaka itoke.

Chipu, kile kidude cha elektroniki kinachosomwa na mashine kikisogezwa karibu, imo kwenye kichupa cha kioo, milimita 2 kwa 12, inapigwa kwa sindano nene kati ya kidole gumba na cha shahada. Kevin Warwick, profesa wa chuo kikuu cha Reading, Uingereza, aliwekewa yake 1998 milango ya ofisi ikawa inamfungukia. Ya binadamu hutoka rahisi kuliko ya mbwa, kwa sababu ya mbwa imepakwa kitu cha kuishikisha isihame, usikubali ya mbwa hata kama ni nusu bei. Kwa matumizi yetu lakini, mlango wa Lamu ni wa mbao na komeo, na M-Pesa iko kwenye laini ya simu, haiko mkononi. Ni urembo usioonekana, sasa urembo gani huo.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi

Kila kurasa unayosoma ya hawa wazungu inaongelea maambukizi na kukataliwa na mwili, halafu kiloidi, lile kovu linalokua likavuka kidonda chenyewe, inapewa mstari mmoja. Kwetu kiloidi ndo ya kwanza. Watu wenye ngozi nyeusi wanaipata zaidi, hasa vijana, na sehemu zake za kupenda ni kifuani katikati, mabegani, masikioni, tayani na shingo kwa nyuma. Hapo nilipotolewa kile kijiwe pana kiloidi sasa hivi, kubwa kama kokwa ya tende, inawasha kukiwa na joto, nimepigwa sindano mara tatu imepungua haijaisha. Na ukiikata tu peke yake yaweza kurudi kubwa kuliko ilivokuwa. Kama una kovu lolote lilopanda juu likavuka mpaka wa kidonda, la chanjo, la kutoboa sikio, la chunusi, ama mamako na shangazi zako wanayo, basi hatuna cha kulinganisha, silikoni na titani zote kwako ni moja.

Mahali nako kunabadilisha kila kitu. Mgongo wa mkono una kano na mishipa ya fahamu imepita juu juu. Kipajini kitu kimekaa juu ya mfupa, na mfupa unaoshindiliwa miaka huanza kubonyea. Ndani ya mkono, chini ya kiwiko, pana nyama ya kutosha na hapagongwi sana, mimi ndo ningepachagua. Na kidogo ni bora, kipande kikubwa kinavuta ngozi mpaka damu haifiki.

Usafi: sufuria ya maji yanayochemka inaishia nyuzi 100, na mbegu za pepopunda zinaivumilia hiyo. Mashine ya hospitali ni kama presha kuka, inafika 121 kwa robo saa na zaidi ama 134 kwa dakika chache. Pepopunda inakaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na Lamu kila kichochoro kimepita punda, kwa hivo sindano yake iwe haijapita miaka 10, na kama hujui ya mwisho ilikuwa lini, choma. Jiki haitoshi, spiriti haitoshi, na ganzi asikuchome mtu asie daktari.

Ikiingia vijidudu usikae nyumbani unameza dawa za kuazima. Bakteria wakishika juu ya kipande wanajijengea utando ambao dawa haifiki, ndo maana mara nyingi lazima kitoke. Mwaka 2017 kule Australia mwanamke mmoja alifariki kwa sumu ya damu baada ya kuwekewa chembe ya theluji ya plastiki mkononi, mkononi tu, mahali pale pale pa picha ya binamu yangu. Homa, mstari mwekundu unaopanda mkono, ngozi ya juu ya kipande kuwa ya bluu ama nyeupe, ni kwenda usiku huo huo. Na ukiwa Lamu hesabu na hili, mtu alokuwekea yuko Nairobi ama keshapanda ndege, na wewe unaanza na boti.

Binamu kasoma yote haya akanijibu, "Kwa hivo silikoni, ndani ya mkono, ndogo, kwa daktari." Nikamwambia eeh, ukimpata daktari anaekubali, na jina lake ulikute kwenye daftari la baraza la madaktari, KMPDC, na karatasi ya kile kipande ikiwa na namba yake ya kundi uibandike nyuma ya kava ya simu, kwa sababu nawe utaulizwa siku moja kilikuwa cha nini. Akanyamaza kama dakika kumi, halafu akaniuliza kama kovu lake la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, la mkononi ni kiloidi ama ni kovu tu. Nimemwambia apige picha kwenye mwanga wa jua, anitumie.